Dawa Kali ya Mlima Nyuki

Mkono uliomkamata Rahabu kwenye kifundo cha mkono ulikuwa mweupe kama umetoka kwenye pipa la unga, na haukuonyesha dalili yoyote ya kumwachia.

Wewe uliyekuwa shambani wiki jana gazeti likakupita, sogea nikudokeze upesi kabla wenzako hawajaanza kunung'unika. Rahabu ni binti wa Kinyiramba, mzaliwa wa Iguguno, aliyeolewa Unyaturuni upande wa Ikungi. Mumewe, Alute, yuko kitandani, amebaki mifupa mitupu. Kijiji kinasema wafu wa mgodi uliofungwa wanamwita Alute akamfuate baba yake, marehemu Ignas, aliyefia humo. Wenye midomo mikali zaidi wanasema hakuna wafu wala nini, anayemmaliza ni mkewe, huyo mgeni.

Leo Jumbe anakalisha baraza uani kwao kumhukumu Rahabu. Asubuhi Rahabu aliona nyayo nyeupe zilizotoka Mlima Nyuki hadi pembeni ya kitanda cha mumewe. Akazifuata zilikotoka, peke yake, hadi ndani ya jengo la mgodi ambalo watu huliita nyumba ya moshi. Hapo ndipo mkono ulipomshika kwa nyuma, nasi tukamwacha hapo wiki nzima, Mungu atusamehe.

Aligeuka.

Aliyemshika hakuwa na sura. Uso wote ulikuwa umekandikwa udongo hadi kwenye kope, na mahali pa matundu ya pua palikuwa na pamba. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakicheza.

Mtu akiogopa kupita kiasi hufanya alilolizoea. Magoti ya Rahabu yalijikunja yenyewe, akasema, "Shikamoo."

Bibi yake alimwambia zamani kwamba maiti haiitikii shikamoo, kwa kuwa heshima ni ya walio hai. Basi akangoja. Ule uso ukamtazama tu.

"Marahaba," uso ukajibu mwishowe. "Usiguse ukuta, binti. Umeshagusa?"

Alikuwa amegusa. Nguo yake ilikuwa na mistari myeupe begani na kiunoni, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Yule mtu akamvuta nje juani, akamwagia maji mikononi kutoka kwenye debe, akamsugua kwa majivu kama mama anavyomsugua mtoto mtundu. Alipoinama, Rahabu aliona viganja vya yule mtu vimeota sugu ndogondogo ngumu, na ngozi ya mikono ina madoa meusi na meupe.

Alisema anaitwa Antipasi, na kwamba yeye ni mlinzi wa mgodi. Rahabu akamwuliza, mlinzi wa nani, maana mgodi umefungwa tangu yeye yuko msichana. Mzee akaonekana kushangazwa na swali.

"Nalinda dawa," akasema. "Bwana Pamba aliniambia nilinde mpaka atakaporudi."

Hapa, msomaji wangu, vumilia kidogo nikupe habari za mlima huu kama Rahabu alivyozipata kwa mzee yule, maana bila hizo hutaelewa kilichomrudisha nyumbani mbio.

Aliyeanza kuchimba ni Mjerumani. Alikuja akitafuta dhahabu kama ile ya Sekenke, akapata mawe ya kijani, yaani shaba, na kabla hajafika mbali vita vikamfukuza. Mwingereza wa kampuni akaja baadaye, miaka ile ya nzige. Shaba ikamkatisha tamaa, kwa kuwa ilikuwa haba. Lakini lile jiwe likichomwa lilitoa moshi wenye harufu ya kitunguu saumu, na moshi ukipoa uliganda ukutani ukawa unga mweupe. Basi akajenga nyumba ndefu, chumba ndani ya chumba, moshi upite ukipoa, na watu wakaingia kukwangua kuta.

Wazungu waliuita unga ule aseniki. Msimamizi hakutaka kuwasumbua watu kwa neno gumu, akauita dawa. Ulipakiwa kwenye mapipa, ukapelekwa kwa lori hadi stesheni ya reli, ukaenda kwenye majosho ya walowezi kuua kupe. Msimamizi huyo ndiye Bwana Pamba. Alipewa jina hilo kwa sababu kila asubuhi aligawa pamba za kuziba pua na udongo wa kujipaka, ili dawa isile ngozi. Watu wa vijijini walipoona kundi la watu weupe wasio na pua likiteremka mlimani jioni, wakafunga milango. Habari za mizimu zilianzia hapo.

Nyuki walikufa mwaka wa kwanza tu. Mizinga ikabaki mitini mitupu, na mlima ukabaki na jina.

"Na watu je?" Rahabu akauliza.

Mzee akamwonyesha kwa kidevu safu ya vituta vya mawe chini ya mti wa mkungugu. Kile cha mwisho, akasema, ni cha Ignas.

Rahabu akashtuka. Nyumbani walijua kwamba baba mkwe wake alifunikwa na shimo lililoporomoka, na mjumbe wa kampuni ndiye aliyeleta habari hiyo. Mzee akatikisa kichwa. Ignas hakuona shimo hata siku moja, alikuwa mkwanguaji. Siku moja aliona uvivu kunawa, akala ugali kwa mikono ile ile. Alitapika mpaka akakauka.

Vita vya Hitler vilipoanza, Bwana Pamba akaitwa jeshini. Kampuni ikazima tanuru. Wengine wakaenda makwao, na Antipasi akaambiwa alinde. Kile chuma cha reli kinacholia mlimani kila alfajiri, ambacho akina mama wa bondeni wakikisikia hujifunika gubigubi, hukigonga yeye, kuita watu kazini.

"Watu gani, babu?"

"Si hao wamo ndani," akasema kwa upole. "Nikigonga wanakuja. Ignas huchelewa, lakini huja."

Akainua kidole ili Rahabu naye asikilize. Na Rahabu, aliyekuwa amekwisha kujiambia kwamba huyu ni mzee aliyepagawa na upweke basi, akasikia ndani ya nyumba ya moshi, chumba cha mbali, kitu kikikwangua ukuta. Kilikwangua polepole, kikapumzika, kikakwangua tena. Labda ni panya, ukitaka kulala vizuri leo amini ni panya.

Rahabu hakutaka kujua. Alichotaka kujua ni kimoja. Akamwuliza mzee kama kuna mtu mwingine huja huku.

"Mama mmoja huja," akasema Antipasi. "Mtu mzima, anachechemea mguu wa kushoto. Hukwangua kidogo akaenda zake. Sikumzuia. Bwana Pamba naye alikuwa akiwagawia wenyeji kidogo, wakiwa na shida."

Anayechechemea mguu wa kushoto katika kijiji kile alikuwa mmoja, Magdalena, mama mkwe wake. Basi zile nyayo nyeupe za asubuhi zilikuwa zake.

"Alisema ni ya nini?"

"Alisema anataka dawa ya wadudu."

"Wadudu gani?"

Mzee akamtazama kama anayetazama mtoto. "Kupe. Wadudu gani tena? Nikamwambia hii ni dawa kali, mama, usizidishe. Ncha ya kisu tu. Akashukuru sana, akalia."

Rahabu aliona akilini kisu kidogo cha mama mkwe, kile kinachowekwa kila mchana juu ya kifuniko cha chungu cha uji wa Alute. Alikuwa akikiona kila siku, akidhani ni cha kukatia ndimu.

Nyumbani kwao neno wadudu halikuwa na maana ya kupe. Alute aliporudi kutoka kuvuna mtama akiumwa tumbo, tumbo la kawaida tu, mama yake alilikandakanda akatangaza kwamba mwanawe ana wadudu, yaani minyoo, na kwamba wadudu hao wasipopewa dawa kali watamtoboa. Naye akaenda kuitafuta dawa kali kwa miguu yake mibovu, mahali ambapo kila mtu alijua kwamba Mzungu alikuwa akichimba dawa. Mwenye dawa akamhakikishia kuwa ni kali kweli. Nani asingeamini? Alimpa mwanawe ncha ya kisu, kila mchana, bila kuzidisha.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na mzazi huyu alikuwa akimuua wake kwa uchungu huo huo.

Rahabu alimshika mzee mabega, udongo ukamwagika. Akamwuliza kama aliyekunywa anaweza kupona. Antipasi alikumbuka kwamba Bwana Pamba aliwapa waliowahi kufika kwake maziwa mengi na mayai mabichi wakatapika, na baadhi yao walipona. Lakini wasipewe tena hata chembe.

Jua lilikuwa linapanda kuelekea utosini. Uji wa mchana ulikuwa motoni. Rahabu hakuaga.

*

Aliteremka mlima akiwa amekunja kanga mkononi, akaruka makorongo, akakatiza shamba la mtama la watu huku wenyewe wakimwona. Walimwona vizuri sana. Waliona mke wa Alute akikimbia kutoka mgodini, nguo ina weupe wa mgodini, siku ya baraza lake. Habari ilifika kabla yake.

Ua ulikuwa umejaa. Jumbe Mughwai alikuwa ameketi kwenye kigoda, koti la serikali begani licha ya joto. Alute alikuwa ametolewa nje, amelazwa kwenye ngozi chini ya ukingo wa paa, shingo imekuwa nyembamba kuliko ya mtoto. Na kando yake, amepiga magoti, kikombe mkononi, Magdalena alikuwa akiupuliza uji upoe.

Rahabu hakusalimu mtu. Alipita katikati ya wazee kama hakuwaona, akakipiga kile kikombe kwa kiganja. Uji ukamwagika vumbini.

Ua mzima ukaguna. Mke kumpiga mama mkwe mkono, mbele ya wazee, na bila shikamoo. Hata waliokuwa upande wake walihama wakati ule.

"Mmeona," akasema Jumbe, wala hakuinua sauti. "Amekuja na sumu mwilini, sasa anamnyang'anya mgonjwa chakula."

Rahabu akasema yote. Alisema vibaya, pumzi hana, Kinyiramba kikichanganyika na Kiswahili, lakini alisema: mzee wa mgodini, wadudu, kupe, ncha ya kisu, na kwamba mgonjwa apewe maziwa na mayai mabichi upesi. Hakumwita mama mkwe wake mwuaji. Alisema mama amekosea neno. Ulikuwa ukweli mtupu, nao ulisikika kama uongo wa mtu aliyebanwa.

Magdalena hakukasirika. Alimtazama mkwewe kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa anayeweweseka. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akakiweka wazi mbele ya Jumbe bila hofu.

"Mimi ndiye ninayempa," akasema. "Ni dawa. Mwenyewe aliniambia ni kali. Mwanangu anakonda kwa sababu wadudu wanagoma kufa."

Jirani yao mmoja, Martha, akapendekeza kwa sauti ndogo kwamba apewe kuku kwanza waone. Jumbe akamjibu kwamba kuku hana kesi hapa. Watu wakacheka kidogo, na kicheko kile kilimkata Rahabu maini.

Jumbe akamgeukia mgonjwa. Sheria ya Mzungu au ya wazee, akasema, mgonjwa ndiye anayejua kilichoingia tumboni mwake. Akamwuliza Alute ni nani aliyemnywesha hicho kitu.

Alute akafumbua macho. Alikuwa amesikia yote, hilo Rahabu aliliona, na alikuwa ameamini. Alimtazama mkewe muda mrefu. Kisha akamtazama mama yake, ambaye alimtabasamia.

"Nilikunywa mwenyewe," akasema. "Hakuna aliyenipa."

Rahabu alitaka kulia, asipate machozi. Ule ulikuwa uongo wa kwanza kumsikia mumewe akiusema, na alikuwa akiusema ili asichague.

Lakini tazama upande wa pili. Tabasamu la Magdalena lilibaki usoni likiwa halina kazi. Alishusha macho kwenye ule unga, akayapeleka kwenye mbavu za mwanawe, akayarudisha kwenye unga. Kama kitu kile kilikuwa dawa, mwanawe alikuwa akimkinga mama yake na nini?

Jumbe hakuona hayo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata njia. Mama anasema ni dawa, mke anasema ni sumu, mgonjwa anasema alijinywea. Watu watatu, maneno matatu. Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, akasema, amepiga marufuku watu kunyweshwa kiapo, ile sumu ya kupima wachawi, na yeye kama mtumishi wa serikali hakinyweshi. Ila mtu akitaka kunywa dawa ya nyumbani kwake, serikali haimzuii.

Akachota ule unga kwa kijiko cha uji, kikajaa. Akaukoroga na maji kwenye kikombe kile kile, akamnyooshea Rahabu.

"Anayeiita sumu ndiye anayeijua," akasema. "Kama hukuitia wewe ubaya, itakuwa dawa tumboni mwako. Ukikataa, tumeelewa."

Rahabu alikipokea kikombe. Sijui alikuwa akiwaza nini, na yeye mwenyewe miaka mingi baadaye hakuweza kusema. Pengine alikuwa akiwaza kwamba akikataa watamfukuza, na akifukuzwa hakuna atakayempa Alute maziwa. Maji yalikuwa yamegeuka meupe kidogo tu. Hayakuwa na harufu yoyote.

Mkono mwingine ukakishika kikombe.

"Mwacheni mtoto," akasema Magdalena. "Dawa nimeitafuta mimi. Mimi ndiye ninayejua inavyonywewa."

Rahabu akakazana kukishika. Kwa muda wale wanawake wawili walivutana kimya kimya, uso kwa uso, karibu sana hivi kwamba hakuna mwingine aliyesikia mama mkwe alichosema.

"Ignas naye?" Magdalena akanong'ona.

Macho ya Rahabu ndiyo yaliyojibu.

Magdalena akaitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyelipwa jibu la miaka. Vidole vyake vilikuwa na nguvu za mtu aliyesaga nafaka maisha yake yote. Alikivuta kikombe, akakiinua, akanywa. Alikunywa chote bila kupumzika, akakigeuza juu chini watu waone, akafuta midomo kwa pindo la kanga.

"Ni dawa tu," akasema kwa sauti, uani kote kusikike. Na chini ya pumzi, kwa mkwewe peke yake, akaongeza, "Mpe Alute maziwa."

Watu wakangoja. Upepo ukapita kwenye paa. Magdalena alisimama wima, mkono wake umeushika wa Rahabu kwa nguvu hadi kucha zikaingia nyamani, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu kisimani. Hakuanguka. Hakutoa povu. Dawa ile haina haraka, msomaji, ila mle uani waliolijua hilo walikuwa wawili tu.

Jumbe akashusha pumzi, akapiga goti kwa kiganja. Akatangaza kwamba hapakuwa na sumu, na pasipo sumu hakuna mchawi. Mke wa Alute ni mtu safi, arudi jikoni kwake. Vigelegele vikapigwa. Mtu akamletea Rahabu kibuyu cha maziwa bila hata kuuliza ni ya nini, na yeye akapiga magoti akaanza kumnywesha mumewe kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili mama mkwe alikuwa hajauachia bado. Alute akameza. Akameza tena. Halafu akatapika, na Rahabu akamshukuru Mungu kwa matapishi yale.

Ndipo Martha aliposogea kwenye kile kifurushi kilichobaki wazi pale chini. Alisema mwanawe wa mwisho naye ana wadudu, tumbo limevimba, na kama dawa yenyewe ni kali hivi na mtu mzima amekunywa kijiko kizima akabaki amesimama, basi asinyimwe chembe. Mwingine akasema na yeye. Wengine wakaanza kutafuta majani ya kufungia.

Rahabu akafungua mdomo. Akisema tu kuwa ni sumu, kikombe kitarudi kwake, na mama wa watu atakuwa amekunywa bure. Asiposema, watachota.

Mkono uliomshika ukaanza kutetemeka.

Jumbe Mughwai alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kigoda. Aliwapangua watu taratibu, kama ilivyo haki ya mkubwa, akainama mbele ya Rahabu na kumkingia kiganja amtilie dawa.

"Mimi kwanza, mama," akasema. "Hawa wadudu wamenisumbua mwaka mzima."